NAMBA YA ASKARI NA MAANA YAKE

Karani ye yote aliyepata kuandika daftari ajua taabu ya majina. Akiitwa Juma bin Ali, huinuka watu watatu. Waingereza nao walikuwa na taabu hiyo hiyo, maana akina John Smith katika jeshi lao walikuwa wengi mno. Ndiyo sababu kila askari alipewa namba pamoja na jina lake. Lakini namba nayo ina mambo yake, na asiyeyajua aweza kupotea.

Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, jeshi la Uingereza halikuwa na hesabu moja ya namba. Kila rejimenti ilihesabu watu wake yenyewe, kama kila shule ihesabuvyo wanafunzi wake. Basi askari wawili wa rejimenti mbili waliweza kuwa na namba moja. Tena askari akihamishwa, namba yake ya kwanza ilikoma, akapewa nyingine huko aendako. Katika Territorial Force, yaani jeshi la watu wa kujitolea, kila batalioni ilikuwa na hesabu yake. Mwanzoni mwa 1917 watu hao walipewa namba mpya za tarakimu sita, lakini hata hizo zilirudiwa katika rejimenti mbalimbali.

Jambo hili halikuwa dogo. Tangu 1916 askari alivaa vibao viwili vyenye jina, namba na rejimenti yake. Akiuawa, chekundu kiliondolewa kiwe ushahidi, na cha kijani kiliachwa mwilini. Kabla ya hapo kibao kilikuwa kimoja tu. Kikiisha kuondolewa, wengi walizikwa wasijulikane. Na namba pasipo rejimenti ilikuwa kama barua yenye jina la mtu pasipo kijiji chake.

Mwaka 1920 ilitolewa amri ya kuondoa machafuko hayo. Namba zikafanywa mfululizo mmoja kwa jeshi lote, na kila rejimenti ikakatiwa fungu lake, kama wazee wagawavyo mashamba kwa mipaka. Royal Army Service Corps walipata 1 hata 294000. Grenadier Guards walipata 2604001 hata 2646000, na Coldstream Guards wakaanza 2646001, palepale mpakani. Maofisa walikuwa na hesabu yao mbali. Tangu hapo namba ikawa ya mtu mwenyewe: akihamishwa, alikwenda nayo.

Kwa hiyo katika vita ya 1939 hata 1945, namba yaonyesha rejimenti aliyoandikiwa mtu kwanza, wala si lazima iwe ile aliyofia. Tena tangu 1942 askari wapya waliandikwa kwanza katika General Service Corps, kwa namba za milioni 14, ndipo wakagawanywa. Namba zao hazionyeshi rejimenti waliyopelekwa.

Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza huko London zaidi ya nusu ya karatasi za askari wa Vita Kuu ya kwanza. Jamaa wengi walibakiwa na medali tu, ambayo ukingoni mwake pamechorwa namba, cheo, jina na rejimenti. Basi mwenye kutafuta habari za askari wa zamani na anakili yote pamoja, asiache hata moja. Huenda tarakimu hizo chache ndizo zitakazomwonyesha kaburi la mtu wake.