Mtoto wa jicho: Vipimo vinavyoamua kama utaona tena baada ya upasuaji

- Upasuaji huchukua dakika chache, kazi kubwa iko kwenye vipimo.
- Kosa la milimita 1 linaweza kumwacha mgonjwa akitegemea miwani.
- Mchimbaji aliyewahi kupigwa na jiwe jichoni asikae kimya.

Shinyanga. Tangazo la kambi ya macho likitoka, iwe Kahama, Kishapu au Geita, foleni huanza alfajiri. Wengi wanafuata upasuaji wa mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha upofu duniani lakini unatibika: daktari anatoa lenzi iliyoingia ukungu, anaweka ya bandia, na kwa kawaida haizidi nusu saa.

Mbona basi wapo wanaorudishwa nyumbani, au wanaofanyiwa na bado hawaoni vizuri? Mara nyingi jibu liko kwenye vipimo.

Chati, tochi na presha

Mgonjwa huanza na chati, kwa kawaida akiwa umbali wa mita 6. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, anaelekeza kwa mkono imetazama wapi. Akipata 6/60, maana yake anachokiona akiwa mita 6, mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60.

Kisha anamulikwa tochi. Jicho lisiloona hata mwanga halitafaidika na upasuaji, kwa sababu tatizo liko nyuma zaidi, kwenye retina au mshipa wa fahamu.

Presha ya macho nayo hupimwa. Ugonjwa huu huua mshipa kimyakimya, na uoni uliopotea haurudi. Mwenye magonjwa yote mawili anaweza kutolewa mtoto wa jicho na akaongeza uoni kidogo tu.

Lenzi ina namba yake

Lenzi bandia haichaguliwi kwa macho. Mashine hupima mviringo wa kioo cha mbele cha jicho na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, ambao kwa watu wazima wengi ni milimita 23 hadi 24.

Wakikosea milimita 1, namba ya lenzi hupishana kwa takriban dayopta 3, kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye cheti cha miwani. Ukungu utaondoka, lakini sura ya mtu upande wa pili wa barabara haitaonekana vizuri bila miwani. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa atulie apimwe tena, asione anapotezewa muda.

Wachimbaji wana la ziada

Mwakitolyo, Kakola, Nyarugusu au Rwamagasa, kazi ni nyundo, tindo na makarasha. Kipande cha jiwe kikipiga jicho kinaweza kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana wa miaka 25, wakati mwingine muda mrefu baada ya ajali.

Pigo hilohilo linaweza kubandua retina. Ukungu unamzuia daktari kuona ndani, hivyo anahitaji altrasaundi ya jicho. Kama kilichoruka ni chuma cha tindo, eksirei inaweza kuhitajika pia, maana chuma kikibaki ndani huharibu retina taratibu.

Hivyo rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, si kumzungusha mgonjwa.

Usimfiche daktari haya

- Kisukari na shinikizo la damu. Kisukari huharibu retina.
- Dawa za tezi dume. Baadhi, hasa tamsulosin, hulegeza misuli ya mboni wakati wa upasuaji.
- Jicho linalotoa usaha. Litibiwe kwanza.
- Dawa za kienyeji zilizowekwa jichoni. Zinaweza kuacha kovu kwenye kioo.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza: "Nikitolewa mtoto wa jicho nitaona kiasi gani, na nini kinaweza kunizuia?" Kama vipimo vimekamilika, daktari atakuwa na la kukuambia.