Fahamu: Upandikizaji wa seli shina kwa dozi ndogo

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa saratani ya damu aliyevuka miaka 60 aliambiwa mwili wake hautahimili upandikizaji wa seli shina, yaani seli zinazotengeneza damu, kutoka kwa mchangiaji. Kemotherapi na mionzi mikali, iliyokusudiwa kuua uboho wake wote, ingeweza kumuua yeye mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, timu ya Dkt. Rainer Storb katika kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, Marekani, ilishusha mionzi hadi grei 2, badala ya takriban 12, na kutumia dawa za kutuliza kinga ili mwili usikatae seli za mchangiaji.

Seli hizo huingia kwa dripu kupitia mshipa, bila upasuaji. Zikishika, kinga mpya inayotokana nazo huzisaka seli za saratani zilizosalia.

Hatari zipo: uwezekano wa saratani kurejea ni mkubwa kuliko kwa dozi kali, na kinga mpya inaweza kushambulia ngozi, ini au utumbo. Hata hivyo, umri peke yake usiwe hukumu. Mwulizeni daktari, na ndugu wapimwe mapema kama wanaweza kuchangia: kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa.