Kata ya Wazo Katika Darasa la Mtandaoni

Kata ya Wazo, iliyoko upande wa kaskazini wa Manispaa ya Kinondoni kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, ni mahali ambapo mwanafunzi wa ustawi wa jamii anaweza kukutana na karibu Tanzania nzima katika asubuhi moja. Kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji kwenye kilima cha Wazo mwaka 1966 kiliwavuta wafanyakazi kutoka mikoa mingi, wakafuatwa na mama lishe, mafundi na wafanyabiashara wadogowadogo, na baadaye zikaja familia zilizosukumwa na bei ya viwanja vya katikati ya jiji kwenda kujenga Salasala, Madale na Tegeta. Nyumba ya Mzaramo imepakana na ya Mchaga, na mpangaji Mmakonde hushiriki ua mmoja na Msukuma aliyefika juzi. Huko huko, katika eneo la Chasimba, wakazi na kiwanda waliwahi kuwa na mgogoro wa ardhi wa miaka mingi. Mtu anayejiandaa kuihudumia jamii ya namna hii anahitaji zaidi ya huruma na cheti.

Taaluma ya ustawi wa jamii hushughulika na watu binafsi, familia na vikundi waliokumbwa na shida ambazo hawawezi kuzitatua peke yao, na vilevile hushughulika na mazingira yanayozizalisha shida hizo. Tawi lake linaloitwa kazi na jamii huulenga mtaa wenyewe: afisa hawi mtoa misaada tu, bali huwakutanisha wakazi ili watambue tatizo lao, wapime nguvu walizonazo na waamue hatua. Pale ambapo wakazi wana asili, dini na desturi tofauti, kazi hiyo hudai uwezo wa kuhudumu katika tamaduni nyingi, yaani kuelewa kwamba maana ya familia, aibu, ugonjwa au haki hutofautiana kutoka nyumba hadi nyumba, na kwamba afisa naye ameingia mlangoni akiwa na desturi zake.

Uwezo huo haupatikani kwa kusoma kitabu peke yake, na hapo ndipo ushirikiano wa wanafunzi wa mataifa mbalimbali kwa njia ya mtandao unapoonyesha faida yake. Mfumo huu, uliopata msukumo mkubwa tangu Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilipoanzisha kituo chake maalumu mwaka 2006, huwaunganisha wanafunzi wa vyuo viwili au zaidi katika somo moja kwa wiki kadhaa. Walimu huandaa kazi kwa pamoja, wanafunzi hugawanywa katika makundi yenye watu wa kila nchi, hujadiliana kwa video na ujumbe, kisha huandika ripoti moja. Hakuna anayepanda ndege, jambo ambalo kwa mtoto wa mkulima anayesoma kwa mkopo si dogo hata kidogo.

Tanzania haiingii katika mambo haya mikono mitupu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao yake Kinondoni, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kimewafundisha watu wazima waliotawanyika mikoani tangu enzi za mihadhara iliyochapwa kwenye karatasi. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilishirikiana na Chuo cha Jane Addams cha Chicago kuanzia mwaka 2006 katika kuwaandaa wasaidizi wa ustawi wa jamii, yaani watu wa ngazi ya kijiji na mtaa waliopewa mafunzo mafupi ya kuwahudumia watoto yatima na wale wanaoishi katika mazingira magumu. Kuanzia mwaka 2011 taasisi hiyo iliungana na vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi na Rwanda, pamoja na chuo cha jimbo la Carinthia nchini Austria, katika mradi wa PROSOWO uliochunguza hali ya taaluma hii Afrika Mashariki.

Mradi huo ulikabili jambo lililokuwa likiwasumbua walimu kwa muda mrefu: ustawi wa jamii uliletwa na serikali ya kikoloni, na nadharia zake nyingi ziliandikwa kwa ajili ya miji ya Uingereza na Marekani, huku mjomba, shangazi, kikao cha ukoo na chama cha kufa na kuzikana vikiachwa nje ya mtaala. Mwaka 2014, mashirikisho ya kimataifa ya taaluma hii yalipopitisha tafsiri mpya ya ustawi wa jamii mjini Melbourne, yaliyataja maarifa ya wenyeji kuwa sehemu ya misingi yake. Hiyo ni haki iliyochelewa, lakini haitakuwa na uzito mpaka mwanafunzi wa Dar es Salaam aizungumze mwenyewe mbele ya wenzake wa ng'ambo.

Mfano uliotungwa kwa ajili ya zoezi unaweza kulionyesha hilo. Bibi wa miaka 68 anaishi Wazo na wajukuu watatu; mama yao amefariki, baba yao amekwenda Mbeya kutafuta kazi, na mjukuu mkubwa, msichana wa miaka 14, ameacha shule ili auze vitumbua. Kundi linatakiwa kuchora mchoro wa ukoo, ambao huonyesha wanaume kwa miraba, wanawake kwa duara na uhusiano wao kwa mistari. Mwanafunzi wa Chicago anachora nyumba moja yenye watu wanne, kisha anauliza nani ni mlezi kisheria na kama watoto wahamishiwe kwa familia ya kambo. Mwenzake wa Dar es Salaam anaongeza shangazi wa Mbagala anayelipia sare za shule, baba mdogo ambaye kauli yake ndiyo hufunga vikao, jirani anayewapa watoto chakula cha jioni, na wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA wanaomkopesha bibi mtaji. Mchoro uliokuwa mdogo unaenea ukurasa mzima, na wazo la kuwahamisha watoto linapoteza nguvu.

Hata hivyo somo halielekei upande mmoja. Mwanafunzi wa Chicago anaweza kuuliza kama kuna mtu aliyeketi na msichana huyo peke yake akamsikiliza, na swali hilo likawanyamazisha wenzake, kwa kuwa katika maelezo yao yote ya kikao cha ukoo sauti ya mtoto haikuwamo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto wa Tanzania haki ya kutoa maoni yake. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliisoma sheria hiyo darasani, lakini ilibidi mgeni awaonyeshe kwamba mazoea yao yameipita pembeni. Kuonyeshana namna hiyo, kwa heshima na bila upande mmoja kujiona mwalimu wa mwingine, ndiko kunakomkomaza afisa wa baadaye.

Tena tofauti za tamaduni hazianzii uwanja wa ndege. Mwanafunzi aliyekulia Temeke akipangiwa mafunzo kwa vitendo Wazo atakuta misiba ambamo watani wa marehemu hutania waombolezaji na kudai fedha kabla mazishi hayajaendelea. Asipoujua utani, ataandika katika ripoti yake kwamba familia ilidhalilishwa, kumbe ilikuwa ikifarijiwa. Anapolazimika kumweleza mwanafunzi wa Austria maana ya jambo hilo, hujikuta akienda kwanza kuwauliza wazee, na hivyo hujifunza kuhusu nchi yake kwa sababu ya swali la mgeni.

Vikwazo vipo, na kuvifumbia macho ni kuwaonea wanafunzi wa upande huu. Dar es Salaam na Chicago hupishana kwa saa nane au tisa kulingana na majira, na mara nyingi anayeombwa kukesha ni Mwafrika. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na vifurushi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe. Kiingereza nacho humpendelea aliyezaliwa nacho, ilhali mazungumzo na bibi wa Wazo hufanyika kwa Kiswahili. Zito kuliko yote ni siri za wahudumiwa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, kwa hiyo jalada la kaya halisi halipaswi kupigwa picha na kutumwa kwenye kundi la wanafunzi, hata jina likiwa limefutwa, kwa maana katika mtaa ambao watu wanajuana umri na biashara ya vitumbua vyatosha kumtambulisha mtu.

Vyuo vinavyoandaa ushirikiano huu basi vitenge fedha za intaneti kwa wanafunzi, vigawane saa ngumu kwa zamu, viruhusu Kiswahili kitumike katika kazi za makundi na kufasiriwa kwa wageni, na vimwalike afisa ustawi wa jamii wa kata pamoja na mtendaji wa mtaa kusikiliza ripoti kabla haijapewa alama, kwa sababu wao ndio watakaojua kama ushauri uliomo unafaa kwa nyumba iliyoandikwa.