Mwanatheolojia ni Nani Huku Mlimani?

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Lakini yako maswali yanayomfanya mwalimu atamani kengele ilie kabla ya wakati wake. Mojawapo niliulizwa miaka michache iliyopita katika darasa la Kidato cha Kwanza, katika shule moja isiyo mbali na mji wa Nyeri, nilipokuwa nikifundisha Elimu ya Dini ya Kikristo. Tulikuwa tumefika kwenye mada ya imani ya jamii zetu juu ya Mungu, nami nilikuwa nimekwisha kuandika ubaoni sifa za Mungu kama zilivyo kitabuni. Msichana mmoja aliyezoea kukaa kimya akanyosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "baba yake babu yangu alikufa bila ubatizo. Alikuwa akisali akiuelekea Mlima Kenya, na Mungu alimwita Ngai. Sisi nasi kanisani twamwita Ngai. Je, alikuwa akimwomba Mungu yuyu huyu au mwingine? Na kama ni yuyu huyu, mzee huyo yuko wapi sasa?"

Darasa zima lilinyamaza. Nilimjibu kwa maneno ya jumla, kengele ikalia, naye akaketi. Nilijua hakuridhika. Mimi pia sikuridhika.

Jioni hiyo nilianza kusoma. Nilirejea mafundisho ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hususan hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, inayofundisha kwamba wale wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, waweza kuupata wokovu. Hilo lilinipa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya hapa kwetu: sala ya yule mzee, jina alilolitaja, na mlima alioukabili. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nimeandika makala ya kurasa ishirini hivi. Nikaona ni vyema isomwe na mabingwa, basi nikaituma kwa chama kimoja cha wanatheolojia wa Kikatoliki pamoja na ombi la uanachama.

Jibu lilikuwa la mistari minne. Nilishukuriwa kwa moyo wangu. Nikaarifiwa kwamba uanachama ni wa wenye shahada ya uzamifu katika theolojia au taaluma iliyo karibu nayo, na kwamba shahada yangu ya ualimu haikutosha. Kuhusu makala yenyewe, hapakuwa na neno hata moja.

Ndugu msomaji, nakiri kwamba nilikasirika. Kwa majuma mawili sikumwona mwanatheolojia yeyote kuwa na maana. Lakini hasira si hoja. Ilipotulia nilijiuliza: je, walikosea kuweka sharti lile? Na kama hawakukosea, mbona bado nahisi kwamba kuna jambo halikwenda sawa?

Kwanza tuwatendee haki wenye sharti. Kilicho mashuhuri zaidi miongoni mwa vyama vya aina hii, kile cha wanatheolojia Wakatoliki wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1946, huwataka wanachama wake kamili wawe na shahada ya uzamifu. Huko Vatikano, Tume ya Kimataifa ya Theolojia iliyoundwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1969 haizidishi wajumbe 30, nao huteuliwa na Papa mwenyewe kwa miaka mitano mitano. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 812, zinasema kwamba anayefundisha theolojia katika chuo cha elimu ya juu sharti awe na idhini ya mamlaka ya Kanisa. Si ajabu. Hatumwachi kila mwenye kisu kikali afanye kazi ya tabibu wa upasuaji. Theolojia hushika mambo ambayo watu huishi kwayo na kufa kwayo, na anayeyashika ovyo huwajeruhi. Chama chenye lango hulinda jina la taaluma. Hata mimi sitaki mwanafunzi yule ajibiwe na mtu aliyeokota jibu njiani.

Hata hivyo, tukiitazama historia ya eneo hili letu, twaona kwamba swali la nani aketi barazani ni la zamani kuliko shahada zetu.

Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, mwishoni mwa Juni 1902, wakakaribishwa na Chifu Karuri wa Gakure. Haikupita hata miaka miwili kabla hawajaketi kujadiliana. Mnamo Machi 1904 walikutana Murang'a na kukubaliana jinsi ya kuifanya kazi yao: kuzuru vijiji, kufungua shule, kutibu wagonjwa, na kuwaandaa makatekista. Ulikuwa mkutano wa watu waliojua kwamba hakuna awezaye kufikiri peke yake katika nchi ngeni, na matunda yake twayaona hadi leo. Lakini ulikuwa mkutano wa wamisionari. Wenyeji, mila zao na sala zao, walikuwa mada. Baba yake babu wa mwanafunzi wangu angeweza kuzungumziwa katika chumba kile. Kuzungumza humo hakungewezekana.

Halafu Nyeri ikawa mahali pa maandishi. Tangu mwaka 1916 gazeti la Wathiomo Mukinyu lilichapishwa na wamisionari hao kwa Kikikuyu. Mwaka 1933 Padri Cagnolo alitoa papa hapa Nyeri kitabu kizima juu ya mila na desturi za Wakikuyu. Yatazame hayo mawili kwa pamoja. Gazeti liliwaeleza wenyeji imani kwa lugha yao. Kitabu kiliwaeleza wageni habari za wenyeji kwa lugha ya kigeni. Lililokosekana ni la tatu: mwenyeji kueleza imani yake mwenyewe mbele ya wenzake na kukosolewa nao.

Hilo la tatu lilipokuja, lilikuja kwa njia inayopaswa kuwatia moyo wanafunzi. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa, mji ambao siku hizo uliitwa Léopoldville, mwanafunzi aitwaye Tharcisse Tshibangu alisimama kujadiliana hadharani na mkuu wa kitivo chake cha theolojia, Alfred Vanneste. Mwanafunzi alishikilia kwamba theolojia yenye sura ya Kiafrika yawezekana. Mwalimu akashikilia kwamba theolojia ya kweli ni ya walimwengu wote, haina rangi. Hoja zao zilichapishwa pamoja. Mwanafunzi yule baadaye alikuwa askofu, na mjadala wao husomwa mpaka leo popote panapofundishwa theolojia ya Afrika. Nampa heshima Tshibangu, na Vanneste pia nampa, kwani hakumwambia kijana wake akatafute kwanza shahada ndipo ajibiwe. Alimjibu.

Mifano ya namna hiyo iliendelea. Agosti 1976 wanatheolojia wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, Wakatoliki na Waprotestanti, walikutana Dar es Salaam na kuanzisha umoja wao. Mwaka 1989 Profesa Jesse Mugambi, Mwanglikana mzaliwa wa Embu, na Padri Laurenti Magesa, Mkatoliki wa Tanzania, walihariri pamoja kitabu juu ya Yesu katika Ukristo wa Kiafrika. Humo mna makala ya Padri Charles Nyamiti wa Tanzania, na pia ya marehemu Sista Anne Nasimiyu-Wasike wa Kenya, aliyemtazama Kristo kwa macho ya mwanamke Mwafrika. Mwaka uo huo, mjini Accra, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake walizindua umoja wa wanatheolojia wanawake wa Afrika, ambao Sista Anne alikuwa miongoni mwao. Umoja huo ulijipa kazi ya kutafiti, kuandika na kuchapisha. Anayejiunga nao anatarajiwa alete maandishi.

Hapa ndipo nilipoona kilichoniudhi katika ile barua ya mistari minne. Sikuudhika kwa kunyimwa kadi. Niliudhika kwa sababu makala yangu haikusomwa. Kwa maoni yangu, uanachama wa chama cha wataalamu ni deni zaidi ya kuwa heshima. Mwanachama ana deni la kuwasoma wenzake, la kukubali kusomwa, na la kuambiwa mbele ya watu kwamba amekosea. Shahada ni ushahidi kwamba mtu aliwahi kulilipa deni hilo mara moja, mbele ya watahini wake. Haithibitishi kwamba bado analilipa.

Sasa tuangalie hali ilivyo katika miji yetu ya mlimani: Nyeri, Karatina, Murang'a, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru, Nanyuki. Tuna seminari kuu ya Kristo Mfalme hapa Nyeri. Tuna masista wa Maria Imakulata, shirika lililoanzishwa papa hapa mwaka 1918. Tuna walimu wa dini katika kila shule ya upili, na makatekista wazee wanaokumbuka majina ya sala ambazo hazijapata kuandikwa. Watu hawa ndio wanaoulizwa maswali. Profesa aliye mjini huulizwa na wanafunzi waliochagua kusoma theolojia. Sisi twaulizwa na mtoto aliyetoka kumzika nyanya yake Jumamosi. Wenye maswali wako huku, na wenye mabaraza ya kuyapima majibu wako Nairobi na ng'ambo. Nauli, ada na shahada vimesimama katikati.

Nani hupoteza? Sote. Mwalimu hubaki na jibu la kitabuni. Mtaalamu naye hubaki na swali la kitabuni. Na mtoto, asipojibiwa darasani, huenda kwa yeyote mwenye kipaza sauti sokoni, ambaye humwambia bila kusita kwamba wazee wake wote wamepotea.

Yapo matumaini. Julai 1922 isingewezekana, lakini Julai 2022 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki jijini Nairobi kiliwakutanisha wanatheolojia, wataalamu wa jamii na viongozi wa Kanisa kutoka pande nyingi za Afrika kutafakari safari ya Kanisa kwa pamoja. Ni hatua njema. Lakini mkutano mkubwa huja na kupita, na swali la darasani huja kila muhula.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza nawaelekezea wenye vyama. Libakizeni lango lenu, ila wekeni benchi barazani. Awepo mwanachama mshiriki asiye na kura wala cheo, mwenye haki moja tu: makala yake isomwe na ajibiwe, hata kama jibu ni kwamba haifai. Na mara moja katika miaka kadhaa, mkutano upande mlimani badala ya mlima kuteremka mjini.

La pili natuelekezea sisi walimu na wanafunzi. Tusingoje kualikwa. Kanuni ya 215 ya sheria za Kanisa yawapa waamini wote uhuru wa kuunda vyama kwa ajili ya mambo ya imani na mapendo. Kanuni ya 229 yawapa walei haki ya kujiendeleza katika elimu takatifu. Kuna mpaka mmoja tu wa kuheshimiwa: kwa kanuni ya 300, hakuna chama kinachoweza kujiita cha Kikatoliki pasipo ridhaa ya mamlaka ya Kanisa. Basi tusianze kwa jina. Tuanze kwa kazi. Mara moja kila muhula, watu kumi wakutane. Mmoja asome makala, mwingine aliyepewa mapema aijibu, na kumbukumbu ziandikwe. Iwe kwa Kiswahili, kwa Kikikuyu au kwa Kimeru, mradi iandikwe.

Sisemi nisiyoyajaribu. Mwaka jana tulikutana mara tatu, walimu sita na mzee mmoja aliyekuwa katekista kwa muda mrefu. Niliposoma makala yangu ile ya kurasa ishirini, mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umeandika vizuri juu ya mlima. Lakini wazee hawakuuomba mlima. Waliutazama kama wewe unavyoitazama altare. Hilo hujaliandika." Nilirudi nyumbani nikafuta kurasa nne. Katika maisha yangu yote ya usomi, sijapata kukosolewa kwa namna iliyonifaa zaidi.

Yule msichana amekwisha kumaliza shule. Sina hakika kama ningemkuta leo ningekuwa na jibu kamili. Lakini ningemwambia kwamba swali lake halikuishia na kengele. Limesomwa, limejibiwa, limepingwa na kuandikwa upya na watu saba katika chumba kimoja mjini Nyeri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama huo si mwanzo wa chama cha wanatheolojia, basi na nielezwe chama ni nini.