Kizuri Chajiuza? Utafiti wa Taswira ya Chuo Kikuu Machoni pa Wanafunzi Watarajiwa

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inafaa soko ambamo mnunuzi huishika bidhaa na kuikagua kabla ya kutoa fedha zake. Elimu ya chuo kikuu haiuzwi hivyo. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne huchagua shahada ambayo hajaionja, tena katika chuo ambacho pengine hajawahi kukikanyaga. Anachokichagua hasa ni jina, pamoja na picha iliyojengeka akilini mwake kuhusu jina hilo. Picha hiyo ndiyo taswira ya chuo, na utafiti wa soko ni njia mojawapo ya kuibainisha.

Nchini Kenya, haja ya utafiti huu imekua sambamba na ushindani. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Mwaka 2013 vyuo vishiriki kadhaa vilipata hati na kuwa vyuo vikuu kamili. Kisha, katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2016, watahiniwa 88,929 pekee walipata alama ya C+ na zaidi. Wanunuzi walipungua ghafla ilhali wauzaji walikuwa wameongezeka. Ingawa idadi hiyo imepanda tena tangu wakati huo, ilikwisha kudhihirika kwamba chuo hakiwezi kuketi kikingoja kuchaguliwa.

Ikumbukwe kwamba taswira hubeba historia. Egerton kilianza mwaka 1939 kikiwa shule ya kilimo. Kwa hiyo, anayelisikia jina hilo huenda akawaza mashamba kwanza, japo leo chuo hicho hufundisha pia udaktari na sheria. Ndiyo maana swali la kwanza la mtafiti halina budi kuwa wazi: "Ukisikia jina la chuo hiki, ni jambo gani linalokujia kwanza?" Hojaji inayoanza kwa kuorodhesha sifa kama vile ubora, nidhamu na hadhi humtilia mhojiwa maneno kinywani, naye huishia kuziwekea alama zote.

Aidha, uteuzi wa sampuli una mitego yake. Ni rahisi kuwahoji wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kuwa wako karibu; hata hivyo, hao wamekwisha kukichagua chuo au kupangiwa. Wenye habari muhimu zaidi ni waliokifahamu chuo wakakipita. Vilevile, wazazi, walimu na ndugu waliotangulia hawapaswi kusahauliwa, kwani mara nyingi uamuzi hufanywa nyumbani kabla ya kuandikwa katika fomu.

Lugha ya utafiti nayo ina uzito wake. Mwanafunzi anayehojiwa kwa Kiingereza rasmi hujibu kama aliye katika chumba cha mtihani. Katika majadiliano ya vikundi yanayoendeshwa kwa lugha wanayoizungumza wao kwa wao, vijana huweza kukitaja chuo kuwa "cha migomo" au "cha walimu". Maneno machache ya namna hiyo hufichua taswira ambayo jedwali haliwezi kuionyesha.

Suala hili linazigusa idara za Kiswahili moja kwa moja. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi, lakini bado wapo wanaoamini kwamba shahada ya Kiswahili haimfikishi mtu popote ila darasani. Utafiti uliofanywa vyema ungetenganisha mambo mawili. Iwapo idara inafundisha tafsiri, ukalimani na uhariri lakini watarajiwa hawajui, kasoro ni ya jina, na dawa yake ni kutangaza. Iwapo mafunzo hayo hayapo, au yamo katika silabasi tu, basi watarajiwa wameona sawasawa, na kinachohitaji kurekebishwa ni kozi yenyewe. Idara ikikosea katika utambuzi huo, itagharimia mabango huku madarasa yake yakizidi kuwa matupu.

Methali ya wahenga, basi, haijapoteza maana. Kizuri hujiuza pale kinapoonekana. Kibaya hakiponywi kwa kutembezwa. Kazi ya utafiti ni kukiambia chuo kipo upande upi.