Chupa za Bei Nafuu Zilizongoja Chini ya Nyumba

Mwaka 1976 kampuni ya Penfolds ya Australia Kusini ilitengeneza kwa mara ya kwanza mvinyo mwekundu uitwao Koonunga Hill, uliochanganya zabibu za Shiraz na Cabernet Sauvignon. Haukutengenezwa kwa karamu za matajiri. Ulikuwa mvinyo wa mtu wa mshahara wa kawaida, wa kushushia nyama choma mwisho wa wiki. Chupa nyingi zilimalizwa upesi. Chache zilisalia, ama kwa subira ya mwenye nyumba ama kwa kusahauliwa tu, na hizo ndizo zilizoupa mvinyo ule sifa: zilipofunguliwa miaka kumi, ishirini, hata zaidi baadaye, zilikuwa bado nzuri kinywani. Baadaye Penfolds walitoa mvinyo mwingine walioupa jina la Seventy Six, kuuenzi mwaka ule.

Kwa Waaustralia wengi wa kizazi hicho, kumbukumbu ya mvinyo wa bei nafuu haitengani na mahali ulipofichwa. Wachache mno walikuwa na ghala la mawe la chini ya ardhi. Brisbane, ambako nyumba nyingi za zamani za mbao zimeinuliwa juu ya nguzo, maboksi yalipangwa chini ya nyumba, palipo na kivuli. Adelaide, ambako joto la kiangazi huweza kupita nyuzi 40, chupa zililazwa ndani ya kabati la nguo, chini ya ngazi, au katika yale maboksi mepesi meupe ya kusafirishia samaki, ambayo huzuia joto lisipande na kushuka ghafla. Mvinyo hupenda nyuzi 12 hadi 15, giza na utulivu. Chupa yenye kizibo cha gome la mti hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke kikaanza kupitisha hewa.

Na kwa nini kungoja? Anayeonja mvinyo mwekundu mchanga hukutana na kitu anachokijua yeyote aliyewahi kula bibo: ukakasi, ule unaokausha ulimi na kubana mashavu. Unatokana na tanini, zilizomo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Kadiri miaka inavyopita, chembe za tanini na za rangi hushikana, nyingine zikawa nzito na kutua chini ya chupa kama mashapo. Ukakasi hulainika. Rangi ya zambarau huelekea ya matofali, na harufu ya matunda hupisha harufu ya ngozi, tumbaku na majani makavu. Mvinyo usio na tanini na asidi ya kutosha haupati mabadiliko hayo; hufifia tu, na hapo ndipo uzuri wa Koonunga Hill ulipoonekana, kwamba kitu cha bei ndogo kilikuwa na mifupa ya kuhimili safari ndefu.

Mifupa hiyo ilitoka shambani. Mtaalamu wa mizabibu James Busby aliipeleka Australia shehena yake maarufu ya vipando vya mizabibu kutoka Ufaransa na Hispania mwaka 1832, na katika bonde la Barossa bado ipo mizabibu ya Shiraz iliyopandwa miaka ya 1840. Mdudu filoksera, aliyeteketeza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, hakufika Australia Kusini. Lakini miaka ya 1970 wanywaji waligeukia mvinyo mweupe, na zabibu nyekundu zikakosa wanunuzi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 serikali ilikuwa ikiwalipa wakulima wang'oe mizabibu yao, na mizabibu mingi mikongwe ikapotea kwa namna hiyo. Ni hasara ambayo hakuna fedha inayoweza kuirudisha, maana mzabibu wa miaka mia hauwezi kupandwa leo ukavunwa kesho.

Miaka michache kabla ya hapo, mtengeneza mvinyo Peter Lehmann alikuwa amekataa kuwaacha wakulima hao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliagizwa na waajiri wake asinunue zabibu za wakulima wa Barossa aliokwisha kuwapa neno lake. Akatafuta fedha kwingine, akaanzisha kampuni iliyopewa jina la Masterson, mcheza kamari wa hadithini, kwa sababu alijua anabahatisha. Karata ya malkia ikawa nembo yake. Familia nyingi zilibaki na mashamba yao kwa ajili ya ujasiri huo, na wanywaji wakaendelea kupata Shiraz ya Barossa kwa bei wanayoimudu.

Coonawarra, eneo jingine la mvinyo la Australia Kusini, nako kulikuwa na hazina. Kampuni ya Wynns ilianza kutoa Cabernet yake yenye lebo nyeusi mwaka 1954, kutoka kwenye udongo mwekundu uliotandikwa juu ya mawe ya chokaa. Maduka makubwa yamekuwa yakiishusha bei mara kwa mara, na wanaojua huvizia siku hizo ili wabebe boksi zima.

Si kila kitu kimebaki pale pale. Bin 389, inayokomazwa katika mapipa yaliyowahi kubeba Grange, mvinyo maarufu kuliko yote ya Penfolds, iliwahi kuitwa Grange ya maskini. Leo bei yake imepanda sana. Vifuniko vya kuzungusha navyo vimechukua nafasi ya vizibo katika chupa nyingi za Australia tangu watengenezaji wa Clare Valley walipovikumbatia kwa pamoja mwaka 2000.

Chupa za zamani zina tabibu wao. Tangu 1991 Penfolds huandaa siku maalumu ambazo wenye chupa zao nyekundu za umri wa miaka 15 au zaidi huzileta zichunguzwe. Chupa inayohitaji msaada hufunguliwa, mtaalamu huonja kidogo, na ikiwa nzima huongezewa mvinyo kidogo na kupigwa kizibo kipya. Iliyochoka hurudishiwa mwenyewe na kizibo kisicho na nembo, akainywe nyumbani.