Kinu cha upepo kipigwe picha kikiwa kazini

Kinderdijk, karibu na Rotterdam nchini Uholanzi, kuna vinu 19 vya upepo vilivyojipanga kando ya mifereji. Wageni wengi huondoka na picha ileile: kinu na taswira yake majini. Inapendeza, lakini haielezi kinu kinafanya nini pale.

Ardhi ya huko iko chini kuliko mito inayoizunguka. Maji yalipoizidi nguvu mitaro, wakazi walijenga vinu, vingi vyao kati ya 1738 na 1740. Upepo ulizungusha mapanga, mapanga yakazungusha gurudumu lililoinua maji hadi yakatolewa mtoni. Mwaka 1997 UNESCO iliviweka vinu hivyo katika Urithi wa Dunia.

Mpigapicha makini huanza kwa kuvitofautisha. Vinu vya eneo la Nederwaard ni vya matofali na vya mviringo. Vya eneo la Overwaard vina pembe nane na vimeezekwa matete. Jua la pembeni, asubuhi au jioni, ndilo linaloonyesha vizuri ugumu wa tofali na ulaini wa matete.

Kisha atazame mapanga yaliyosimamishwa. Sehemu nyingi za Uholanzi, panga la juu likiachwa kabla tu ya kufika kileleni, ni ishara ya furaha. Likishapita kilele, ni msiba. Ukitazama kutoka mbele, mapanga huzunguka kinyume cha saa. Kwa hiyo anayegeuza picha kushoto-kulia ili ipendeze anaweza kuigeuza arusi kuwa kilio. Picha ya urithi haigeuzwi.

Mapanga yakizunguka, weka kamera kwenye stendi na upunguze kasi ya shata hadi moja ya kumi na tano ya sekunde. Jengo litatulia, ncha za mapanga zitafifia, na mtazamaji atauona upepo.

Lakini kiini cha urithi huu ni mwendesha kinu. Karne ya 19 Uholanzi ilikuwa na vinu takriban 10,000; leo vimebaki zaidi kidogo ya 1,000. Vingi vinazungushwa na watu wa kujitolea, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1972. Ufundi wao wa kusoma mawingu, kutandaza turubai na kugeuza kichwa cha kinu kuelekea upepo uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2017.

Wikiendi ya pili ya Mei vinu vingi hufunguliwa kwa umma. Nenda wakati huo. Omba ruhusa, kisha umpige picha mwendesha kinu akikaza kamba zake. Bila mikono hiyo, kinu ni jengo tu.